Mkufu Ulionyamaza

Sonara alikuwa amemaliza kazi anayojivunia kuliko zote: mkufu wa mama yake, safu mbili za sarafu za zamani za fedha halisi, zilizotobolewa juu na kuning'inizwa. Alizisugua weusi wa miaka mpaka zikametameta, akazipaka vanishi zisififie tena, kisha akachomelea kila kipete kilichoshika sarafu ili zitulie, zisicheze. Binti yake angeuvaa kesho, siku ya kuolewa.

Aliupeleka chumbani kwa mama yake, kifua mbele. Mama, ambaye alikuwa haoni tena, aliupokea kwa viganja viwili, akautikisa. Akautikisa tena.

"Umeninyamazishia mkufu wangu."

"Mama, ungeuona unavyong'aa..."

"Niuone kwa macho yapi, mwanangu? Kesho mjukuu wangu nitamjua kwa mlio. Akiingia nimsikie, akipita mbele yangu nimsikie. Sasa huu bubu nitaufanyia nini?"

Kuna watu duniani wanaovaa sarafu kofiani, wengine nyweleni, wengine wanazishonea kwenye mapindo ya gauni, hata farasi huvishwa. Na mara nyingi unawasikia kabla hujawaona. Sonara alilisahau hilo. Dukani kwake mikufu hulala ndani ya kabati la kioo, kimya, ikisubiri kutazamwa.

Akarudi mezani kwake amenuna. Akazifuta sarafu kwa dawa ya mkewe ya kutolea rangi ya kucha, vanishi ikabanduka kwa makunyanzi kama ngozi iliyoungua. Akautikisa mkufu. Tap, tap, kama vijiko ndani ya droo iliyolowa. Akaachia tusi chini kwa chini. Kumbe na vipete vimezibana! Viungo safi kiasi kwamba hata jicho la sonara mwenzake lisingeviona, na sasa akate kimoja kimoja.

"Pole, fundi," mkewe akasema mlangoni, akibana kicheko. "Na chupa yangu umeikausha."

"Nitakununulia nyingine! Hebu niache nipumue!"

Alikata. Badala yake akatia vipete vipana, vilivyolegea, kama kazi ya mtu aliyeanza kujifunza juzi. Roho ilimuuma kila alipobana koleo.

Jioni binti akauvaa, akavua viatu, akaingia kwa bibi yake bila kusema neno. Sarafu zikalia. Bibi akageuza uso, akamfuata nao kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua kwa hatua, akitabasamu.

"Ndiye huyo," akasema. "Ndiye kabisa."

Sonara akashusha pumzi ndefu. Bibi akainua kidole.

"Lakini kuna moja, hapo karibu na bega la kushoto, inanung'unika."

"Hiyo siyo sarafu, mama. Ni mimi," akajibu, akanyoosha mkono apewe mkufu, na mkono wa pili tayari unapapasa mfukoni kutafuta koleo.