Mate ya Msamaha kwa Mtoto wa Jirani

Nilipokuwa mtoto kule Keringet, nilizoea kupita kwa majirani nikitazama viatu vyangu. Macho yangu ni ya kijani, na kwetu huaminiwa kwamba macho ya namna hiyo yakimkazia mtoto mchanga, yatamdhuru. Niliyarithi kwa baba, Mzungu aliyekuja kujenga barabara akaondoka kabla sijaota meno. Mama ni Mkipsigis wa hapo hapo. Shuleni waliniita Pointi, yaani nukta tano, nusu Mwafrika nusu Mzungu.

Nikiwa na miaka tisa, siku moja nilisahau. Jirani yetu, Mama Kiprono, alikuwa akichagua mbegu za viazi uani, mwanawe amelala juu ya gunia. Nikamwinamia nikasema, "Ako na mashavu mazuri!"

Kesho yake mtoto alikuwa na homa, hanyonyi. Mama Kiprono alikuja kwetu mbio, amembeba.

"Mama Chelangat, huyu msichana wako ateme mate."

Ndiyo dawa yenyewe: mwenye jicho humtemea mtoto mate kidogo, ubaya ukamtoka.

"Chelangat hana jicho," mama akasema. "Peleka mtoto dispensari!"

Kogo, nyanya yangu, alimshika mama mkono. "Na huyu mtoto akikufa, tutakaa na hawa watu aje?"

Mdomo wangu ulikuwa mkavu kabisa. Nikajiuliza, mate yasipotoka, nitakuwa nimeua? Kogo akanipa maziwa nikanywa, nikatema kwenye kifua cha mtoto. Kisha wakampeleka dispensari, akadungwa sindano, na siku ya tatu akanyonya.

Nilirukaruka kwa furaha, mjinga mimi. Sikujua kwamba kupona kwake ndiko kulikonitia hatiani. "Si mnaona? Ilikuwa ni yeye," watu walisema. Sindano haikutajwa na mtu. Tangu hapo akina mama waliwafunika watoto nilipopita, huku wakinisalimia vizuri tu.

Simlaumu Mama Kiprono. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ila leo, hapa Nakuru, karani akikitazama kitambulisho changu, kisha uso wangu, kisha akauliza mimi ni Mkenya wa wapi, hasira hunipanda. Wapo wanaotuombea sisi machotara tuvumiliwe. Mimi sitaki kuvumiliwa. Nataka nisishtakiwe kwa uso niliozaliwa nao, na hayo nimeyasema mikutanoni bila kupepesa macho.

Binti yangu ana wiki sita. Nikimnyonyesha, natazama ukuta.