Vipande Vyenye Joto

Katika hospitali moja ya mji wa Ruse, kando ya mto Danube, ukishuka ngazi ukakipita chumba cha mashuka, unafika mahali ambapo Nevyana Karadzhova alimalizia ujana wake. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: vipande vya nyama ya mwili vilivyotolewa na madaktari wa upasuaji vikishagandishwa ndani ya nta, yeye huvikata vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu na kuvibandika kwenye vioo, ili daktari avitazame kwa hadubini. Alikuwa mjane, mchache wa maneno, na hakuna aliyewahi kumkuta na kipande kilichochanika.

Miaka kumi na minne nyuma, yeye mwenyewe alitolewa uvimbe nyuma ya bega, mkubwa kama yai la bata. Ulikuwa wa aina adimu inayoota kwenye nyama laini za mwili, ambayo daktari anaweza kustaafu akiwa ameiona mara tatu tu. Jeraha likapona, akapimwa miaka mitano, akaambiwa nenda kaishi. Akaenda akaishi.

Msimu mmoja wa baridi, ukungu wa Danube ukiwa umeziba vidirisha vya juu siku kumi mfululizo, Daktari Tanovska alishuka na sinia mkononi. Alikuwa bado kijana, mwenye mwendo wa haraka. Alitaka kujua kwa nini uvimbe wa namna ile kwa mmoja ukikatwa umekwisha, na kwa mwingine hurudi baada ya miaka. Alikuwa na orodha ya alama: umri wa mgonjwa, ukubwa wa uvimbe, seli ngapi zinajigawa, kama kuna sehemu zilizokufa. Ukijumlisha, unapata hatari ndogo, ya kati au kubwa. Sasa alitaka kuijaribu kwa wagonjwa arobaini na mmoja wa zamani.

"Majina na namba nimevifunika, Shangazi," alimwambia Nevyana, akimwita hivyo kwa heshima. "Sitaki mtu ajue anakata cha nani."

"Na changu kimo?"

Daktari alisita. "Kimo. Nikitoe?"

"Kiache. Kimelala ghalani miaka yote hiyo, nacho kitembee kidogo."

Vipande vya nta hulazwa juu ya barafu kabla ya kukatwa, ili viwe vigumu. Asubuhi ya kwanza Nevyana alikishika cha sita kwenye sinia, akakiachia ghafla. Kilikuwa na joto. Halikuwa joto la kuunguza, bali la kiganja cha mtu aliyetoa mkono mfukoni punde hivi. Akakirudisha barafuni, akangoja nusu saa, akakigusa tena. Vilivyokizunguka vyote vilikuwa baridi kabisa. Chenyewe kilikuwa vilevile.

Alimwita Petranka, mwenzake wa meza ya pili. "Hebu shika hiki."

"Baridi. Ulitaka kiwe na nini, mapigo ya moyo?"

"Shika tena."

"Baridi, shoga. Una homa au umeanza kuzeeka. Chagua."

Alijipima homa, hakuwa nayo. Kufikia Ijumaa alikuwa amepata vipande tisa vya namna hiyo, akavitenga kwenye kisanduku bila kujua anavitengea nini. Cha thelathini na tatu ndicho kilichomsumbua zaidi. Hata alipokiweka chini, vidole vyake viliendelea kuhisi kwamba vimeshikwa.

Daktari alipouliza habari za kisanduku, Nevyana alimweleza. Daktari hakucheka. Alikibeba juu, akafunua majina, akakaa nacho saa nzima, akarudi amesawajika.

"Saba kati ya hawa uvimbe uliwarudia," alisema.

Siku tatu baadaye akashuka tena. Wa nane alikuwa amehamia Uhispania na kufia huko, na jamaa zake walithibitisha kwa simu kwamba ni ugonjwa uleule, uliorudi.

"Na wa tisa?" Nevyana aliuliza.

"Yuko hai. Haujamrudia. Orodha yangu inampa hatari ndogo kabisa."

"Alitolewa lini?"

Daktari alitazama sakafu. "Miaka kumi na minne iliyopita."

Petranka alisimamisha mashine yake. Nevyana alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ni cha thelathini na tatu," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi niandikie kipimo."

"Siwezi kuandika kwamba nta ilikuwa na joto."

"Andika unachoweza."

Daktari aliandika kwamba uvimbe wa aina hii umewahi kurudi hata baada ya miaka kumi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Picha za kifua zilitoka safi. Baada ya miezi sita zikatoka safi tena. Kila mara Nevyana alirudi nyumbani akakaa jikoni na koti lake mwilini, kama mgeni anayesubiri mwenye nyumba. Kazini alianza kuvaa glavu mbili mbili.

Petranka hakuweza kufunga mdomo. Siku moja alishuka mtu mmoja, fundi wa mashua aitwaye Lyudmil, akiwa na chupa ya asali. Mkewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wiki ile, na kipande chake kilikuwa kinangoja kukatwa.

"Kiguse tu, mama," alisema. "Nitakalojua nitalibeba mwenyewe."

"Nikikwambia kina joto, utamtazama vipi mkeo mezani? Nikikwambia ni baridi, utaacha kumleta kupimwa. Mlete. Kila tarehe anayopewa, mlete."

"Kwa hiyo kina joto?"

"Sijakigusa. Na sitakigusa."

Lyudmil aliiacha asali na kuondoka bila kuaga.

Mwaka wa tatu wa kupimwa, picha ilionyesha kidoa kwenye pafu la kushoto, kama punje ya haragwe. Kwa udogo wake kilitolewa chote, na Nevyana akarudi nyumbani baada ya siku tisa. Daktari Tanovska alibadilisha utaratibu wake: hata wenye hatari ndogo sasa wanaitwa kupimwa miaka ishirini. Katika ripoti alitaja alama zake nne tu.

Kipande hicho cha pafuni alikikata Petranka. Asubuhi moja alikirudisha barafuni mara mbili kabla ya kukimaliza, akavua glavu, akaenda kusimama kwenye ngazi na viganja vyake amevibana kwapani. Nevyana alipomuuliza baadaye kilikuwaje, alisema hakumbuki, na tangu hapo akaomba ahamishiwe ghorofa ya juu, kwenye vipimo vya damu.