Milioni Moja na Tisa

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa karani wa stesheni ya Igalula, mtu mzima mwenye darasa la nane. Nilitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, na fomu ilihitaji saini ya mwalimu wa sekondari kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu mmoja wa hesabu, mkazi wa Chemchem mjini Tabora, alinipa sharti: nimwonyeshe kama 1,000,009 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Ilitosha kuijaribu kwa namba tasa zote zilizo chini ya elfu moja. Ziko mia moja sitini na nane. Mbili, tatu na tano zilijiondoa kwa kutazamwa tu. Zilizobaki zilitaka kalamu.

Mwenzangu wa zamu, mtu wa Usinge aliyenizidi umri, alinicheka.

“Mdogo wangu, wenzako wanagawana mashamba, wewe unagawanya namba isiyoliwa.”

Hata hivyo alinisaidia treni zilipokuwa chache. Daftari lilikaa mezani, na kila anayeingia zamu aliendelea pale mwenzake alipoishia. Kila mgawanyo uliacha baki. Nilinakili orodha safi yenye alama ya vema kwa kila namba, nikapanda treni.

Mwalimu alishusha kalamu taratibu kwenye orodha, akaisimamisha.

“Mia mbili tisini na tatu. Inabaki ngapi?”

Nikafungua daftari. 283 ilikuwapo, baki 170. 307 ilikuwapo, baki 110. Katikati, mwishoni mwa zamu ya mwenzangu, palikuwa na 293 peke yake.

Stesheni huandika namba ya treni mara tu inapoikubali kutoka stesheni ya jirani, kabla hata moshi haujaonekana; saa ya kupita hujazwa pembeni treni ikishapita. Ndivyo alivyoandika 293, zamu yake ikaisha. Mimi niliyezoea kuandika baada ya kugawanya nikadhani imekwisha.

Nikagawanya palepale. Nikapata 3,413, bila baki.

“Basi si tasa, mwalimu. Jibu nimelipata.”

“Umelipata baada ya kuonyeshwa mahali.”

Akaandika mistari miwili: elfu moja mara yenyewe, jumlisha tatu mara yenyewe, kisha 972 mara yenyewe, jumlisha 235 mara yenyewe. Yote miwili huleta namba ileile. Alisema namba tasa haiwezi kupatikana hivyo kwa njia mbili. Majuma yangu matatu yaliingia katika mistari miwili ambayo hakuna kitabu nilichokipata kilichowahi kunieleza. Fomu akanirudishia bila saini, akaniambia nijaribu mwakani.

Niliporudi nilimlaumu mwenzangu. Alinisikiliza hadi mwisho huku akijaza daftari la treni.

“Pembeni ya ile namba uliona saa ya kupita?”

Nikasema sikuiona.

“Basi treni ilikuwa haijapita. Miaka kumi uko hapa, leo ndiyo nikufundishe?”

Mwezi ukaisha, na fomu bado ninayo.