Pindo la Fundi Saa

Bi Pindo, jina alilobandikwa na wateja kwa jinsi anavyoshona pindo za suruali zikakaa sawasawa, alikuwa mjane aliyetunzwa hadi akakosa pumzi. Mwanawe wa pekee alimhamishia kwake mara tu baada ya mazishi ya baba. Cherehani ikawekwa sebuleni, imebanwa kati ya kochi na ukuta. Chakula analetewa. Sokoni haendi, "Mama, utachoka bure." Mjukuu anashinda mgongoni kwake, maana mkwe naye ana ajira. Majirani humwambia, "Wewe una bahati, bwana," naye huitikia, "Kweli," huku roho inamwuma.

Basi fundi saa wa mtaa wa pili, mgane, akaanza kumletea suruali moja, kila wiki imefumuka pindo lilelile. Mara ya tatu Bi Pindo akaikagua. Uzi haukukatika kwa kuvaliwa. Ulifumuliwa kwa wembe, polepole, tundu kwa tundu.

"Baba, kwako kuna panya wenye wembe?"

"Yupo mmoja," akasema fundi saa. "Mzee, hana wa kuongea naye."

Bi Pindo akacheka mpaka mjukuu akaamka. Alimpenda yule mzee; tusizungukezunguke. Tangu hapo kila akisikia hodi, mguu unasahau kukanyaga cherehani.

Fundi saa akafuata njia ya heshima, akaja kuposa. Mwana akampa chai, akamwambia atapata jibu. Mgeni alipotoka tu, akamgeukia mama yake.

"Mama, watu watasema nimeshindwa kukulisha. Kwani hapa unakosa nini?"

"Nakosa mtu wa kuniuliza nimelalaje."

Mwana machozi yakamlengalenga. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye balaa: mbaya unagombana naye, ukaenda zako. "Nitakuuliza mimi, mama," akasema. Fundi saa akapelekewa ujumbe kwamba mama bado hajawa tayari. Mama mwenyewe hakuulizwa.

Na kweli, mwana akawa anauliza. Kila asubuhi, anafunga kamba za viatu mlangoni: "Umelalaje, mama?" "Salama, baba." Mlango unafungwa. Bi Pindo akaona hata kile kitundu kidogo alichokuwa akipumulia kimezibwa, tena kwa mapenzi. Sasa angelalamikia nini, na nani angemwelewa?

Asubuhi moja akajibu, "Vibaya, mwanangu."

"Vizuri, mama," mwana akasema, akaenda kazini.

Bi Pindo akafungua kanga, akamshusha mtoto, akamfuata mkwewe aliyekuwa anachana nywele chumbani.

"Mwanangu, mpokee mtoto wako. Mimi naenda kuolewa."

Mkwe akabaki na kitana mkononi. "Leo, mama? Mimi si nina kazi?"

"Na mimi nina mtu," akasema Bi Pindo, akavaa kandambili zake.