Bati la Mama Mkwe na Dagaa wa Jirani

Mimi ni fundi bomba, na aibu hii nimejitengenezea kwa mikono yangu mwenyewe, hapahapa Tumbe.

Mama mkwe wangu, Bi Hadia, alijenga choo cha ndani. Nikamweleza kuwa bomba la hewa hutokea juu ya paa. Akasema, "Mwanangu, bati langu jipya halitobolewi." Nikajitia ujuzi, nikamfungia ukutani kidude kinachoingiza hewa kwenye bomba bila kutoa harufu. Ndio kwanza namaliza, namsikia anakuja na kopo lake la udhu. Kwetu mkwe hakutwi chooni mwa mama mkwe! Nikakumbatia spana zangu, nikatoka mbio kwa mlango wa uani.

Siku ya tatu akaniita. Sinki linakoroma, nyumba inanuka. Kuingia tena nikaona haya, basi nikapima tatizo nikiwa barazani. Nikavuta pumzi kama daktari, nikasema, "Hao ni dagaa wa jirani." Maskini jirani mwenyewe, Bi Mize, aliposikia akahamisha majamvi yake yote ya dagaa hadi ng'ambo ya uwanja.

Jana akaniletea sahani ya dagaa wa kukaanga, kuniomba radhi. Ndio kwanza natafuna, Bi Hadia akatoka ndani kashika kipande cha nailoni.

"Baba, kidude chako ulikiacha na nailoni yake ya dukani. Kingevutaje hewa? Nimeivua, na harufu imekwisha."

Bi Mize akanisogezea sahani, akauliza kwa upole, "Sasa fundi, dagaa wangu niwarudishe?"