Bibi wa Gagulo Aliyegoma Kufutika

Sitaapa. Waapaji wa mji huu nawajua: asubuhi wanaapa hawajaonja kitu, jioni unawaruka mtaroni. Mimi nasema tu kwamba jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, hapa Sumbawanga, kwenye kibanda changu cha mitumba pale Chanji, na halikutokea usiku wa manane kama mnavyopenda nyie mnaosoma visa hivi mkiwa mmejifunika shuka mpaka puani. Lilitokea jioni, jua bado lipo, na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Na tuelewane kabla sijaendelea. Hadithi za wachawi sizipendi. Nikienda Mbeya au Dar es Salaam kufuata mzigo, nikitaja tu ninakotoka, mtu mzima na suti yake anasogeza kiti. Wengine wananiuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Nimezaliwa huku, nazeekea huku, na nyungo zote nilizowahi kuziona zilikuwa zinapepeta ulezi. Kwa hiyo ukinisikia nasema nimesimama uso kwa uso na mtu aliyekwisha kuzikwa, ujue sijafurahia kulisema.

Ilianzia kwenye grupu la jumuiya. Jumuiya yetu ya sala ina grupu la simu, na kinara wake ni Mama Editha, mwanamke wa kujifunga kitambaa kichwani mpaka nyusi zinapotea. Anatutumia sala ya asubuhi, sala ya mchana na sala ya kulalia. Siku moja ya mwezi wa saba, kati ya sala ya asubuhi na ile ya mchana, akatuma video. Chini yake akaandika: "Mchawi kadondoka na ungo leo alfajiri. Sambaza kabla haijafutwa. Damu ya Yesu itufunike." Simu yangu ilikuwa inapakua kila kitu yenyewe, maana aliyeniuzia aliiacha hivyo. Nilipoishika, video ilikuwa imeshaingia.

Nikaifungua. Mchawi gani? Alikuwa bibi kizee wa watu, amesimama kwenye uwanja wa nyumba asiyoijua, miguu peku, amevaa gagulo jeupe tu, lile la kuvaa chini ya sketi. Anatetemeka mpaka kidevu. Waliomzunguka wana makoti, wana kofia za sufu, na kila mmoja ameinua simu. "Wenzako wako wapi? Ungo umeuficha wapi?" Bibi anawajibu kwa Kifipa cha watu wa ziwani kwamba anasikia baridi. Basi, hana neno lingine. Nasikia baridi. Pale hapakuwa na mtu asiyejua Kifipa, wote wamekinyonya kwa mama zao, lakini likajitokeza domo moja likatafsiri kwa sauti kubwa: eti anasema wenzake wamemwacha njiani. Wakacheka. Na video inaishia hapo, kwenye kicheko.

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, miaka yake ya mwisho alikuwa anaamka usiku kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa mimi nikiwa bado nasoma. Majirani walikuwa wanamrudisha wamemshika mkono, wamemfunika kitenge. Hakuna aliyemuuliza ungo. Simu za picha hazikuwepo, watu walikuwepo. Ndiyo maana nilipoiona ile video nilishikwa na hasira mpaka macho yakaniwasha.

Habari kamili tukaja kuisikia baadaye. Bibi alikuwa ametoka Kasanga, huko ziwani, amekuja kumtembelea binti yake hapa mjini. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Aliamka kwenda chooni akapotea njia ya kurudi. Mtu wa Kasanga, amezoea joto la ziwani mchana na usiku, anazunguka huku juu kwetu na upepo wa mwezi wa saba, na gagulo! Akapata kichomi, akafa. Na unadhani nani alitutangazia msiba? Mama Editha huyohuyo. "Raha ya milele umpe ee Bwana," na vipicha vya mikono iliyofumbatana. Ukipandisha juu kidogo, video bado ipo, na watu wanaendelea kuichekea.

Nikajitoa kwenye grupu, nikaifuta ile video, nikalala.

Asubuhi nafungua picha zangu nimtumie mteja rangi za masweta, naikuta ipo. Ya kwanza kabisa, juu ya picha zote. Nikasema labda jana nilibonyeza vibaya, si unajua sisi wa umri huu na hizi simu janja. Nikaifuta tena, mara hii nimevaa na miwani. Jioni ipo. Nikafuta, ikarudi. Na jambo jingine, niamini au usiniamini: simu ikawa ya baridi. Simu zenu zikichajiwa zinapata moto. Yangu naichomoa kwenye chaji, mkononi ni kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Nikaipeleka kwa Osca, fundi simu wa upande wa pili wa barabara. Huyu ni kijana wa kuvaa miwani ya jua hata mawingu yakiwa yamelalia mabati. Umri wa mwanangu wa mwisho, lakini salamu yake kwangu ni "Mambo, mama?" Shikamoo kwake ni mzigo wa gunia. Nikamweleza. Akacheka puani.

"Hiyo ndogo, mama. Wewe unafuta kivuli, faili lenyewe limekaa kwingine."

Akaingia kwenye mafaili, akayafungua hata yale yaliyofichwa. Akaikuta moja kwenye kadi ya kumbukumbu. Akaikuta nyingine kwenye sehemu ya vitu nilivyowatumia watu, wakati mimi sijamtumia mtu yeyote. Akazifuta zote, akamwaga na kapu la taka, akazima simu, akawasha. "Imekwisha hiyo," akasema. Nikamlipa. Sijavuka hata barabara, simu ikatetemeka mkononi. Bibi huyo hapo, na gagulo lake.

Nikamrudia Osca. Akavua miwani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akaifuta mwenyewe, tukakaa tunaitazama, na mbele ya macho yetu ikarudi. Akanirudishia simu haraka kama vile imemuunguza.

"Mama, hii siyo ya fundi. Hii tafuta mtaalamu."

Mtaalamu! Yaani wanamwita bibi wa watu mchawi, wanamuua kwa baridi, halafu faili likigoma wanakimbilia kwa mganga likazinguliwe. Nikamuuliza kama na yeye anayo kwenye simu yake. Akasema anayo, ila yake haina shida, hajaifuta kwa sababu inachekesha. Nikaondoka na simu yangu. Kuna watu hata tusi unaona ni hasara kuwapa.

Sasa sikiliza.

Jioni ya siku hiyo upepo ulikuwa mkali, vumbi linapita kibandani kama mwenye nyumba, wateja wote wameshakimbilia makwao. Nilikuwa nimeinama nafunga belo langu la masweta. Nikaona mtu amesimama upande wa pili wa meza. Sikuinua macho. Nina wateja wa namna hiyo, wanakuja saa ya kufunga, wanapapasa kila nguo kisha wanaondoka na mikono yao. Nikamwambia, tena kwa ukali, "Tumefunga."

Akasema kwa Kifipa kwamba anasikia baridi.

Ile sauti nilikuwa naijua kuliko sauti ya wanangu. Nilikuwa nimeisikia kila siku ikitoka kwenye simu. Nikashusha macho kwanza, nikaona miguu peku, ina vumbi la barabarani, imepasuka. Nikaona pindo la gagulo. Upepo unavuma, magunia yanapepea, mabati yanagonga, lakini lile pindo limetulia tuli. Unafikiri ungefanya nini wewe? Ungekimbia. Au ungetoa simu umpige picha, nakujua.

Mimi nilijikuta nimechuchumaa, huo ndio ukweli. Na nilipochuchumaa mikono ikafanya yenyewe ilichofundishwa na mama yangu: ikapiga makofi ya taratibu, yale ya kumwamkia mkubwa. Nikamsalimu kwa Kifipa, salamu yote, bila kuruka kitu. Nikamuuliza alivyoshinda, nikamuuliza habari za Kasanga, za wajukuu. Na hapo ndipo liliponijia jambo ambalo sikuwa nimeliona mara zote nilizoitazama ile video. Katika ule umati wote, hakuna hata mmoja aliyemsalimu.

Bibi akaitikia. Aliitikia polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo. Akaniita mwanangu.

Nikafungua belo langu. Nikatoa sweta la kijani la sufu, zito, ambalo nilikuwa nimejiwekea mwenyewe. Nikamvisha mkono mmoja, nikamvisha wa pili. Sweta lilikuwa limekatika kifungo cha juu, nikalibana kwa pini niliyoitoa kwenye blauzi yangu. Nikamfunga kitenge, nikamvika soksi. Mwili wake ulikuwa wa baridi hivi kwamba vidole vilinichoma. Nilikuwa nalia, sikuona aibu kulia na sioni aibu kukwambia. Nilikuwa namvisha mama yangu.

Alipomaliza kuvaa akajitazama, akalilainisha sweta kwa kiganja. Kisha akasema, "Hapa kwako nimepata joto. Kwa wale wengine bado."

Akaniuliza njia.

Ningeweza kunyamaza, nadhani Mkristo mwema angenyamaza. Mimi nilisimama nikamwelekeza. Nikamwonyesha kibanda cha Osca, nikamwonyesha na nyumba ya Mama Editha, ile yenye geti la bluu, nikamwambia agonge kwa nguvu maana mama huyo huwa anasali kwa sauti. Bibi akanishukuru, akaondoka akitembea kama mtu yeyote, mpaka vumbi likamziba.

Usiku ule niliifungua ile video kwa mara ya mwisho. Umati ni uleule, na lile domo bado linatafsiri uongo wake. Lakini bibi katikati yao amevaa sweta la kijani, kifungoni kuna pini yangu. Hatetemeki. Anawatazama mmoja mmoja, na anayetazamwa anaacha kucheka. Asubuhi haikuwepo. Nilitafuta kwenye picha, kwenye mafaili, kwenye kapu la taka. Imeondoka bila kufutwa na mtu, na simu imerudi kupata moto kama simu za watu.

Mama Editha alikuja kibandani siku ile ile, macho mekundu, kitambaa kimelegea. Akanunua kisweta chepesi cha nailoni, cha bei ya chini kuliko vyote. Cha nani? Akasema cha shangazi yake. Kesho yake alikuwa amerudi, sauti imemkauka, anataka zito, anataka na blanketi. Nikamwuliza vipi shangazi, cha jana hakikumtosha? Akahesabu pesa. Sikumpunguzia hata senti.

Osca alichelewa kidogo. Alikaa kwanza kwenye ukaidi wake, akabadilisha simu, akabadilisha na laini. Kisha alasiri moja akavuka barabara bila miwani. "Shikamoo, mama," akaniambia. Mara ya kwanza. Akachagua sweta la kike, saizi ya bibi mwembamba, bila kunieleza na bila mimi kumuuliza. Tangu hapo wanakuja, wanaume kwa wanawake, wengine siwajui kabisa, wengine wanashuka kwenye basi la Mbeya. Wananunua nguo ya joto ya bibi mmoja na hawanitazami usoni. Nawauzia, na kila mmoja namdharau sawasawa.

Mimi mwenyewe sikutoka salama. Vidole viwili vya mkono wa kulia, vile vilivyobana ile pini, havijapata joto mpaka leo. Naviweka juu ya jiko la mkaa, ngozi inaungua na ndani bado baridi. Daktari amevitazama, amenipa dawa ya kuchua, nachua kumridhisha.

Nawe usijidanganye kwamba uko mbali na Sumbawanga. Ile video imesambazwa kuliko sala zote za Mama Editha, na huenda iko hapo kwenye simu uliyoishika, ilijipakua yenyewe ukacheka kidogo ukaisahau. Itafute. Ukimkuta bado yuko na gagulo lake, usihangaike kuifuta, na fundi usimsumbue. Weka nguo nzito karibu na mlango, safi, siyo zile unazofutia pikipiki. Atakuja. Na akifika, kabla hujampa chochote, chuchumaa umsalimie.