Ming'oko na Divai Nyekundu

Nilikuwa nimeshastaafu kufundisha upishi Masasi, siku mama mmoja wa Kitangari aliponipigia simu. Alikuwa ameanzisha kiwanda kidogo cha mvinyo mwekundu: mmoja wa zabibu alizoagiza Dodoma, mwingine wa choya, yale maua mekundu machachu, za wakulima jirani zake. Alitaka nimsaidie kujua upi unywewe na chakula gani, maana wageni wake walikuwa wanakunywa na karanga tu.

"Mimi si mnywaji," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakutaka wewe, Mwalimu. Wanywaji husifu kila kitu."

Nilipanda gari asubuhi Lisekese, hapo hapo Masasi, nikabadilisha gari Newala, nikafika kwake saa sita. "Shikamoo, Mwalimu, karibu," akanipokea. Chumba kilinuka zabibu zilizochacha, na harufu hiyo ikanisimamisha mlangoni. Ilikuwa harufu ya kabati letu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na divai ya madhabahuni ilitunzwa humo, nyumbani kwetu. Alipofariki, mama akabaki na ufunguo.

Tukaanza kazi. Mvinyo wa choya ulipatana na kuku wa kienyeji wa mchuzi wa korosho. Uchachu wake ulikata mafuta. Ule wa zabibu, usio na sukari, ulipatana na mbuzi wa kuchoma. Samaki mkavu aliuharibu kabisa, mdomo ukabaki kama nimelamba msumari. Mwenyeji wangu aliandika yote kwenye daftari. Kisha akaleta sahani ya ming'oko, ile mizizi myembamba ya kuchimba porini, imechemshwa, bado inafuka mvuke.

"Na hii tuijaribu," akasema. "Ndiyo chakula chetu."

Mkono wangu ukakataa kwenda.

Jioni ya mwisho ya uhai wake, mama yangu aliinuka akaketi kitandani, akaniambia kwa sauti ya mtu mwenye afya tele, "Mimina divai kwenye bilauri. Na ming'oko uweke sahanini, ya moto."

"Mama, ile divai ni ya madhabahuni."

Akarudia. Nami nikarudia. Akanitazama kama mtu aliyeaibishwa mbele ya mgeni, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikuwa amefariki.

Nikala. Nikanywa. Ming'oko ililainisha ukali wa ule mvinyo wa zabibu, na mvinyo ukaitia ming'oko utamu ambao sikuwahi kuujua. Siku ile hakuna kilichopatana zaidi ya hivyo viwili. Nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Akaweka kalamu chini, nami nikamweleza habari ya mama.

"Pole, Mwalimu. Basi mama alijua alichokitaka."

Niliondoka na maneno hayo, na chupa moja aliyonifungia kwenye gazeti. Nilipofika nyumbani nikampigia kaka yangu, nikamwambia nilichomnyima mama.

Akauliza, "Ming'oko? Mama hakula ming'oko maisha yake yote. Ilikuwa inamkwaruza koo. Aliyeipenda ni baba."

"Baba alikuwa ameshafariki miaka mingi."

"Najua."

"Sasa alikuwa anamwandalia nani?"

"Uliyekuwa chumbani ni wewe," kaka akasema. "Si mimi."

Sijarudi Kitangari tangu hapo. Nasikia wageni hupewa ming'oko pamoja na mvinyo mwekundu, na wanausifu sana mchanganyiko huo. Chupa yangu niliifungua mara moja tu, Jumapili moja mchana baada ya ibada. Nilichemsha ming'oko, nikajaza bilauri, nikaviweka mezani mbele ya kiti kitupu, nikatoka nje kuanua nguo. Nilizikunja moja moja, polepole, mpaka jua lilipoanza kupoa. Niliporudi ndani nilivichukua vyote nikaenda kuvimwaga nyuma ya nyumba, bila kuangalia kama vimepungua.